Kununua kwa Gunia, Si kwa Kibaba: Safari ya Vyuo Vikuu Kuifikia Intaneti

Jumapili ya tarehe 12 Mei, 2024, wakazi wengi wa Dar es Salaam waliona simu zao zimekuwa nzito kupita kiasi. Picha hazikufunguka, barua pepe hazikwenda, na wenye jamaa ng'ambo hawakusikilizana nao. Watu walifanya yale ambayo kila mtu hufanya. Wakazima simu na kuziwasha tena, wakapanda ghorofani kutafuta mawimbi, wakanunua kifurushi kingine kwa kudhani kwamba cha kwanza kimekwisha. Wengi walitazama juu, kwenye minara, kwa maana imekwisha zoeleka kwamba intaneti ni kitu kitokacho angani.

Hitilafu haikuwa angani. Mikongo miwili iliyolala chini ya bahari, EASSy na Seacom, ilikuwa imekatika huko kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na nchi kadhaa za pwani hii pamoja na jirani zao wa bara zikajikuta zimebaki na tundu dogo la kupumulia. Ubalozi wa Marekani jijini ulifunga huduma zake kwa siku mbili. Maofisi yaliyozoea kufanya kila jambo kwa kompyuta yalirudi kwenye simu na karatasi.

Kwa familia nyingi adha hiyo ilikuwa ya kukosa maongezi na picha za wajukuu. Kwa vyuo vikuu ilikuwa jambo jingine. Katika chuo kikuu cha leo, mhadhiri hutafuta majarida kwa njia hiyo, mwanafunzi hujisajili kwa njia hiyo, na daktari anayefundisha hospitalini huwasiliana na wenzake wa mbali kwa njia hiyo. Ndugu msomaji mwenye mtoto chuoni anazilipia huduma hizo kwa ada, hata kama hajapata kuuliza zinatoka wapi, zinauzwa kwa bei gani, na ni nani aliyezipigania. Makala haya yanajaribu kueleza hayo, kwa sababu historia yake ina funzo la fedha ambalo kila mama anayekwenda sokoni analijua tayari.

MASHINE ILIYOKATAZWA

Tanzania ilianza mapema kuliko wengi wanavyodhani. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kazi iliyotarajiwa ni ya hesabu za Serikali, na matumaini yalikuwa makubwa. Matokeo hayakulingana na matumaini. Mitambo iligharimu fedha nyingi za kigeni, wataalamu walitoka nje, na hesabu zilizotarajiwa kunyooka zikazidi kujikunja. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, pamoja na televisheni, isipokuwa kwa kibali maalumu.

Wako wanaolicheka katazo hilo leo. Mwandishi huyu haoni kichekesho. Miaka ile ilikuwa ya ukame na ya mafuta kupanda bei, na dola moja iliyonunua mashine ilikuwa ni dola ambayo haikununua chakula wala dawa. Kosa lilitangulia katazo: mashine zilinunuliwa kabla ya kuandaliwa watu wa kuziendesha. Hata hivyo gharama ya katazo nayo haikuwa ndogo. Masharti yalilegezwa pole pole katika miaka ya 1980, na kwa muda wote huo vijana walihitimu bila kuigusa mashine ambayo wenzao wa nchi nyingine walikuwa wakiifungua na kuifunga kama redio.

Katika miaka hiyohiyo ya 1980 kulikuwa na njaa nyingine, isiyoonekana na mpita njia. Maktaba za vyuo vikuu vya Afrika zilikuwa zikikauka. Majarida ya kitaalamu hununuliwa kwa fedha za kigeni, nazo hazikuwapo. Kwa hiyo kwenye rafu nyingi mfululizo wa jarida ulikwenda vizuri hadi mwaka fulani, kisha ukakatika ghafla. Mhadhiri wa udaktari akafundisha ugonjwa kwa vitabu vya miaka kumi nyuma, huku tiba yake imekwisha badilika. Mtafiti aliyetaka kusoma makala moja iliyotoka London au Boston aliandika barua, akatia stempu, akangoja majuma kadhaa. Mara nyingine jibu lilikuja. Mara nyingine mtafiti alikwisha badili somo.

Yafaa kulikumbuka hilo tunapozungumza juu ya mitandao ya vyuo. Watu wa kwanza waliohangaika kuunganisha vyuo vyetu hawakuwa wakitafuta starehe. Walikuwa wakitafuta kitu cha kusoma.

SIMU YA USIKU

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa msaada wa shirika la utafiti la Canada, IDRC, vyuo vikuu vitano vya ukanda huu viliunganishwa katika mtandao ulioitwa ESANET: Nairobi, Makerere, Dar es Salaam, Zambia na Zimbabwe. Neno "kuunganishwa" lisimdanganye msomaji. Hapakuwa na waya uliokuwa wazi mchana na usiku. Kulikuwa na kompyuta moja, simu ya kawaida ya posta, na kijisanduku kiitwacho modemu kinachogeuza maandishi kuwa sauti ya mlio. Barua zilikusanywa kwanza, kama mfuko wa posta unavyojazwa kituoni. Ilipofika saa iliyopangwa, mara nyingi usiku laini zikiwa tulivu, kompyuta moja iliipigia simu nyingine, ikamwaga barua zake, ikachukua za kwake, ikakata. Laini ikikatika katikati ya safari, kazi ilianzwa upya.

Huko Lusaka jambo hili lilikuwa na sura ya pekee. Mwaka 1991 kituo cha kompyuta cha Chuo Kikuu cha Zambia kilianza kupeleka barua zake kupitia Chuo Kikuu cha Rhodes, katika mji wa Grahamstown, Afrika Kusini. Lusaka ndiyo iliyokuwa makao ya wapigania uhuru wa Afrika Kusini waliokuwa uhamishoni, na utawala wa ubaguzi ulikuwa haujafa bado. Barua za madaktari wa Zambia zikavuka Limpopo kwa waya, zikapitia chuo cha nchi ile, zikaelekea Marekani. Kwa upande wa Rhodes, njia ya kwenda duniani ilikuwa ya ajabu kadhalika: simu zake zilipokewa na kompyuta iliyokuwa katika nyumba ya mtaalamu mmoja, Randy Bush, mjini Portland, Marekani. Ndivyo ulivyoanza. Mitambo ambayo leo huzungumzwa kwa mabilioni ilianza na mtu mmoja aliyekubali simu ilie nyumbani kwake.

Njia nyingine ilikuwa ya angani kweli. Shirika la SatelLife, lililoasisiwa na daktari wa moyo wa Marekani, Bernard Lown, lilitumia setilaiti ndogo zinazoizunguka dunia kwa urefu wa karibu kilomita 800. Setilaiti kama hiyo haikai mahali pamoja. Hupita juu ya mji mara chache kwa siku, kwa dakika kadhaa tu. Daktari aliandaa swali lake, kituo kikalirusha setilaiti ilipopita, nayo ikalibeba kama njiwa. Zambia na Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizonufaika na mtandao huo wa afya.

Zambia haikuridhika na barua za usiku. Chuo kikuu kilianzisha kampuni yake, ZAMNET, na mwezi Novemba 1994, kwa msaada wa Benki ya Dunia, nchi hiyo ikapata intaneti kamili, ya mchana na usiku, ikiwa ya kwanza kusini mwa Sahara ukiiacha Afrika Kusini. Busara ya mpango huo ilikuwa katika malipo. Chuo peke yake kisingeimudu bei ya laini ya kimataifa, kwa hiyo kampuni ya chuo iliwauzia huduma watu na mashirika ya nje, na fedha zao zikasaidia kubeba mzigo wa wanafunzi. Mkulima hulijua jambo hilo: ng'ombe mmoja hukamuliwa kwa ajili ya nyumba na kwa ajili ya soko.

MIAKA YA DISHI

Kisha ikaja enzi ya madishi makubwa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, Afrika Mashariki ilipokuwa haina mkongo wowote wa baharini wa mawasiliano ya kisasa, kila neno lililotoka kwenda ng'ambo lilipanda hadi kwenye setilaiti iliyo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, kisha likashuka upande wa pili. Safari hiyo ya kwenda na kurudi kwa jibu huchukua karibu nusu sekunde hata kwa mwendo wa mwanga, na ndiyo sababu wazee waliopiga simu ng'ambo wanakumbuka kugongana maneno.

Kuchelewa kungevumilika. Bei haikuvumilika. Megabiti moja, kipimo ambacho leo simu moja ya kijana hukimaliza kwa kutazama mchezo wa mpira, iliuzwa kwa maelfu ya dola kila mwezi. Utafiti mmoja wa katikati ya miaka ya 2000 juu ya vyuo vikuu vya Afrika ulitoa picha iliyowaaibisha wengi: chuo cha wastani barani, pamoja na maelfu ya wanafunzi wake, kilikuwa na njia ya intaneti iliyolingana na ya nyumba moja ya mtu binafsi huko Ulaya, na kililipa mara 50 zaidi ya vyuo vya sehemu nyingine za dunia.

Kwa nini mara 50? Setilaiti ni sehemu ya jibu tu. Sehemu ya pili ni ile anayoijua kila mwenye familia mjini. Anayenunua mchele kwa kibaba kila jioni hulipa zaidi, mwisho wa mwezi, kuliko anayenunua gunia. Hanunui kwa kibaba kwa kupenda. Hana fedha za gunia kwa mkupuo. Lakini wakikaa majirani watano, wakachanga, wakanunua gunia moja na kugawana, bei ya kila mmoja hushuka siku hiyohiyo. Vyuo vyetu vilikuwa vikinunua kwa kibaba. Kila kimoja kilikwenda peke yake kwa mfanyabiashara, kikasaini mkataba wake, kikaweka dishi lake juu ya paa, na kikaona fahari kwa dishi hilo.

Mwaka 2005 kundi la vyuo vikuu, kikiwamo cha Dar es Salaam na vingine vya Uganda, Msumbiji, Ghana na Nigeria, likisaidiwa na wakfu za Marekani, lilikwenda kununua kwa pamoja kutoka kampuni ya setilaiti ya Intelsat. Bei waliyoipata ilikuwa takriban dola 2.33 kwa kilobiti moja kwa mwezi. Bado ilikuwa bei ya kuumiza, maana ni zaidi ya dola 2,300 kwa megabiti moja, lakini ilikuwa nafuu kubwa kuliko kila chuo kilivyokuwa kikitozwa kilipokwenda peke yake. Setilaiti ilikuwa ileile na mbingu zilezile. Kilichobadilika ni idadi ya watu waliosimama mbele ya muuzaji.

USHIRIKA WA WASOMI

Wakenya walilitambua hilo mapema. Mwaka 1999 walianzisha KENET, mtandao wa elimu unaomilikiwa na vyuo vyenyewe, na katika miaka iliyofuata ukakua kuwa mfano kwa ukanda mzima. Haitupunguzii heshima kusema kwamba walitutangulia. Uganda ilifuata kwa RENU mwaka 2006, na Tanzania nayo ikaunda TERNET, iliyopata makao katika Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH.

Vyombo hivi si wizara wala si maduka. Ni vyama vya ushirika hasa, ingawa wanachama wake huvaa majoho. Vyuo hulipa michango, chama hununua kwa wingi, huajiri mafundi wa pamoja, na hugawa. Kuna faida nyingine ambayo bei peke yake haiionyeshi. Chuo kimoja kikiwa likizo, njia yake hailali bure; wenzake huitumia. Chuo kikiwa katika majira ya mitihani, hupata nafasi ya ziada iliyoachwa na walio likizo. Mwenye dishi lake peke yake hulipia hata usiku asioutumia.

Mambo hayakwenda bila upinzani. Kwa miaka mingi barua pepe iliyotoka ofisi moja ya Nairobi kwenda ofisi ya jirani, mtaa wa pili, ilisafiri kwanza hadi Ulaya au Marekani, ikarudi, na safari zote mbili zikalipiwa kwa dola. Mwezi Novemba 2000 kampuni za intaneti za Kenya zilifungua kituo cha kubadilishana mawasiliano humohumo nchini, KIXP, ili barua ya jirani imfikie jirani bila kuvuka bahari. Wiki chache tu baadaye msimamizi wa mawasiliano alikifunga, kufuatia malalamiko ya kampuni ya simu iliyokuwa na ukiritimba wa laini za kimataifa. Kilifunguliwa tena rasmi mwaka 2002. Tanzania nayo baadaye ikapata vituo vyake, Dar es Salaam na Arusha. Hebu fikiria, ndugu msomaji: kulikuwa na watu waliopata riziki kwa barua ya Kariakoo kwenda Ilala kupitia London, na hawakutaka njia hiyo ifupishwe.

Mwaka 2005 mitandao ya vyuo vya nchi tano, yaani Kenya, Malawi, Msumbiji, Rwanda na Afrika Kusini, iliunda muungano mkubwa zaidi ulioitwa UbuntuNet, kwa neno la kusini lenye maana ya utu. Makao yake yakawa Lilongwe. Kuanzia mwaka 2011 Umoja wa Ulaya ulichangia sehemu kubwa ya gharama za mpango wa AfricaConnect, vyuo vya Afrika vikichangia sehemu iliyobaki, na miji kama Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na Lusaka ikaunganishwa kwa njia ya pamoja hadi mitandao ya vyuo ya Ulaya.

MKONGO WAWASILI

Mwaka 2009 ndio uliogeuza meza. Mwezi Juni mkongo wa TEAMS, uliovutwa kutoka Fujairah katika Ghuba, ulifika Mombasa. Tarehe 23 Julai mwaka huohuo Seacom, wenye urefu wa karibu kilomita 17,000, ulifunguliwa ukiziunganisha Afrika Kusini, Msumbiji, Tanzania na Kenya na nchi za Ulaya na India. Mwaka 2010 ukafuata EASSy, ambamo kampuni za simu za ukanda huu, TTCL ikiwamo, ziliweka fedha zao wenyewe.

Ndani ya mkongo hakuna umeme unaobeba maneno. Kuna nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele, na mwanga unaowakawaka ndani yake mara mabilioni kwa sekunde. Uzi mmoja wa namna hiyo hubeba kuliko madishi yote yaliyowahi kusimama juu ya mapaa ya Dar es Salaam. Bei ya megabiti ilianguka kutoka maelfu ya dola hadi mamia, na baadaye chini zaidi.

Lakini kioo kilipofika ufukweni safari ilikuwa nusu. Chuo kilicho Mbeya, Mwanza au Dodoma hakiko ufukweni. Kwa muda fulani ilikuwa ghali zaidi kuutoa ujumbe Dar es Salaam kuufikisha bara kuliko kuutoa London kuufikisha Dar es Salaam. Serikali, kwa mkopo wa China, ilijenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao hadi mwaka 2012 ulikuwa umefikia kilomita 7,560 na kugusa mipaka ya jirani zetu. Sehemu ya njia yake hupita juu ya nguzo kubwa za umeme, ndani ya waya wa juu kabisa unaozikinga dhidi ya radi. Mkulima anayelima chini ya nguzo hizo hana habari kwamba juu ya kichwa chake unapita mhadhara.

Na hata mkongo ukifika langoni mwa chuo, bado kuna mita mia chache zilizo ngumu kuliko maili elfu za bahari. Kuna majengo ya zamani yasiyo na mifereji ya nyaya. Kuna umeme unaokatika na jenereta isiyo na mafuta. Kuna mabweni ambako wanafunzi mia nne hung'ang'ania kijisanduku kimoja cha mawimbi kilichotundikwa ukutani. Uswidi, kupitia shirika lake la Sida, ilisaidia vyuo vya Dar es Salaam, Makerere na Eduardo Mondlane kujenga mitandao ya ndani. Vyuo vipya vidogo havikupata mfadhili wa namna hiyo. Na kuna jambo la mafundi. Chuo humfunza kijana kuuendesha mtandao, na mwaka wa tatu kampuni ya simu humchukua kwa mshahara mara mbili au tatu. Hapo somo la 1965 hurudi na kubisha hodi: mashine ziko, watu wameondoka. Chama cha pamoja, chenye kundi moja la mafundi wazuri wanaohudumia vyuo ishirini, kinaweza kuwalipa; chuo kimoja hakiwezi.

MZAZI NA KIFURUSHI

Mwezi Machi 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipoingia, vyuo vya Tanzania vilifungwa hadi tarehe 1 Juni. Nchi nyingi zilijaribu kuendelea kufundisha kwa intaneti. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba mtandao wote uliojengwa kwa jasho uliishia kwenye ukuta wa chuo. Mwanafunzi akiwa nyumbani Temeke au Tunduru alirudi kwenye kibaba: kifurushi cha siku moja, au bando kama vijana wanavyosema, kinachonunuliwa kwa fedha ambazo mama alizitenga kwa mkaa. Somo moja la video la saa mbili laweza kukila chote. Mwenye baba wa mshahara alisoma; mwenye baba kibarua alinakili daftari la mwenzake.

Kwa hiyo mzazi aulize. Anapopeleka ada, ana haki ya kujua kama chuo ni mwanachama wa mtandao wa vyuo na kama michango yake inalipwa kwa wakati, maana chuo kinachochelewesha mchango huwaangusha na wenzake. Aulize pia juu ya eduroam. Huu ni mpango wa dunia nzima unaomwezesha mwanafunzi, kwa jina na neno la siri alilopewa na chuo chake, kuingia katika mtandao wa chuo chochote kingine kilichojiunga, bila malipo na bila kuomba. Kijana wa Dar es Salaam aliye ziarani Nairobi hufungua kompyuta yake akapokelewa kama mwenyeji, ikiwa chuo chake kimejiunga. Waganda walikwenda mbele zaidi: RENU iliweka huduma hiyo hata katika maeneo ya wazi ya Kampala, nje ya kuta za vyuo, ili mwanafunzi aliyepanga chumba mtaani naye asome. Jambo kama hilo katika mitaa ya Sinza na Ubungo, wanakopanga wanafunzi wengi, lingeokoa fedha nyingi za mkaa.

KIPI CHETU KINATOKA?

Limebaki jambo moja ambalo wataalamu wa nyaya hawapendi kuliulizwa. Ukipima kinachopita katika mikongo yetu, kinachoingia ni mto, kinachotoka ni mfereji. Kwa miaka mingi tasnifu za vijana wetu zilifungwa jalada jeusi, zikawekwa rafuni nakala mbili, zikaliwa na mchwa. Kijana wa mwaka uliofuata alifanya utafiti uleule kwa kutojua kwamba umekwisha fanywa chumba cha pili. Mtaalamu wa Ulaya alimlipia ndege mtu wa kuja kuzipiga picha.

Hali hiyo inabadilika, ingawa si kwa kasi ya kutosha. Chuo Kikuu cha Sokoine, Muhimbili na Dar es Salaam sasa vina hazina zao za maandishi zilizo wazi kwa msomaji yeyote, na utafiti wa mihogo ya Kibaha au malaria ya Ifakara waweza kusomwa na mtu aliyeko Kigoma bila ruhusa ya mtu. Hilo halihitaji mkongo mpya. Linahitaji mkutubi mwenye muda, sheria ya chuo inayosema kwamba hakuna shahada bila nakala kuwekwa, na mhadhiri asiyeficha kazi yake kana kwamba ni siri ya uganga.

Majarida ya lugha yetu nayo yamo. "Kiswahili" na "Mulika", ambayo Taasisi ya Mlimani imeyatoa kwa miongo mingi, leo yanasomeka kwa intaneti, na mwalimu wa sekondari wa Sumbawanga anayetaka kuona wenzake wanabishana nini juu ya sarufi hahitaji tena kungoja basi la Dar es Salaam limletee nakala moja iliyokunjwa ndani ya gazeti.